Michezo ya Video: Historia Yake na Hukumu ya Mchezaji

Watu wazima wengi huinena michezo ya video kama wanenavyo maradhi: huuliza imeletwa na nani, imeingia kwa mlango gani, na dawa yake ni ipi. Vijana nao huinena kama chakula: huu mtamu, ule chapwa, na mazungumzo yamekwisha. Mimi nimeicheza kwa zaidi ya miaka ishirini, nami hufundisha historia. Basi naomba ruhusa ya msomaji niinene kwa njia ya tatu, yaani kama kazi za mikono ya watu wenye majina, waliofanya kazi mahali panapojulikana kwa sababu zinazojulikana. Autazamaye mlango wa nakshi wa Lamu huuliza ni mti gani, ni fundi gani, na nyumba ilikuwa ya nani. Mchezo nao wastahili maswali hayo kabla ya kusifiwa au kulaaniwa.

Kila mchezo wa video huchukua kitu kimoja kisichorudi, nacho ni wakati wa mchezaji. Mingine huuchukua wakati huo kwa haki: humwonyesha mtu waziwazi kwa nini ameshindwa, kisha humwacha aende zake. Mingine huuchukua kwa hila. Tofauti hiyo haikuletwa na bahati. Aghalabu ilitokana na nani aliyemlipa fundi, na kwa njia gani.

Mchezo wa kwanza nitakaoutaja haukuuzwa hata siku moja. Katika mwaka wa 1958 Bwana William Higinbotham alikuwa mkuu wa idara ya vyombo katika maabara ya Brookhaven, katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotengeneza mitambo ya umeme ya bomu la atomiki, na baada ya vita alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kudai kwamba silaha hizo zidhibitiwe. Maabara yake ilikuwa na desturi ya kuwakaribisha wageni, naye aliona ya kuwa maonyesho yao yalichosha: watu walipitishwa mbele ya picha na mashine zisizotikisika, wakatoka wakipiga miayo. Katika idara yake mlikuwa na kompyuta ndogo iliyoweza kupiga hesabu za njia ya kitu kirushwacho hewani, kama kombora. Hesabu ile ile ya kombora Higinbotham aliigeuza kuwa ya mpira wa tenisi.

Fundi wake, Bwana Robert Dvorak, aliunganisha nyaya, na tarehe 18 Oktoba mchezo ukafunguliwa kwa wageni. Kioo chake kilikuwa cha mviringo, upana wake inchi 5 tu. Mstari mmoja ulikuwa uwanja, mstari mfupi ulikuwa wavu, na nukta ya nuru ilikuwa mpira. Mamia ya watu walipanga foleni, wala hawakujali mashine nyingine yoyote iliyokuwamo ukumbini. Mwaka uliofuata aliweka kioo kikubwa zaidi, na mtu aliweza kuchagua kucheza kama yuko mwezini, ambako mpira huelea, au katika sayari ya Jupiter, ambako huanguka kama jiwe. Kisha mtambo ukavunjwa na vipande vyake vikapewa kazi nyingine. Higinbotham hakuomba hataza, kwani hakuona kwamba amevumbua kitu.

Mimi nimeuona mchezo huo kwa picha tu, wala sitajidai kuuhukumu kwa vidole. Lakini naupenda kwa sababu moja: mgeni aliyeucheza kwa dakika mbili alitoka akijua jambo juu ya nguvu ya uvutano, na hakuna aliyemhutubia. Walimu wenzangu na walifikirie hilo.

Miaka michache baadaye, katika chuo cha MIT karibu na Boston, iliwekwa kompyuta iitwayo PDP-1, ambayo bei yake ilikuwa dola 120,000. Kundi la vijana waliopenda riwaya za safari za anga walitaka kuijaribu nguvu yake, na Bwana Steve Russell akaandika programu ya mchezo ulioitwa Spacewar!, ukakamilika katika mwaka wa 1962. Vyombo viwili vya anga vinapigana, na katikati ipo nyota yenye kuvuta kila kitu kikaribiacho. Wenzake waliongeza mambo yao: mmoja aliweka nguvu ya uvutano, mwingine hakuridhishwa na nyota zilizotupwa ovyo kiooni, akaziweka nyota za kweli za angani mahali pake. Hakuna aliyelipwa hata senti. Programu ilinakiliwa bure kutoka chuo hiki hadi chuo kile, kama hadithi ipitavyo kutoka kijiji hadi kijiji, na kila apokeaye akatia chumvi yake.

Nimecheza nakala ya Spacewar! kwenye kompyuta ya siku hizi, nami nasema kwamba mchezo huu ni mgumu na wa haki. Ukishindwa hapana wa kumlaumu. Nyota ilikuwapo tangu mwanzo, nawe uliiona. Kwa tabia hiyo naufananisha na bao letu la pwani, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo halina dadu wala karata za kufunikwa: yote yaliyo mbele yako yako mbele ya mwenzako. Mchezaji wa bao aliyefungwa hawezi kusingizia bahati, na ndiyo maana wazee hucheka sana mwenzao afungwapo.

Mchezo ulipotoka vyuoni na kuingia sokoni, ulipitia kwa watu wawili wasiofanana. Wa kwanza ni Bwana Ralph Baer, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani katika mwaka wa 1922, ambaye wazazi wake walikimbia naye kwenda Marekani katika mwaka wa 1938. Alikuwa mhandisi wa kampuni iliyotengeneza vifaa vya kijeshi, na katika mwaka wa 1966, akiwa amekaa akingoja mtu katika kituo cha mabasi mjini New York, aliwaza kwamba mamilioni ya televisheni zilizomo majumbani zingeweza kutumika kwa kazi nyingine zaidi ya kutazamwa. Wazo hilo lilizaa mashine iliyouzwa na kampuni ya Magnavox kwa jina la Odyssey, katika mwaka wa 1972. Haikuwa na sauti. Haikujua kuhesabu magoli. Rangi na picha zake zilichorwa juu ya karatasi laini za plastiki zilizobandikwa kwenye kioo cha televisheni! Kwa macho ya leo ni kitu cha kuchekesha, lakini ndiyo mashine ya kwanza ya michezo ya video iliyouzwa kwa matumizi ya nyumbani, na zile zote mnazoziona katika mabanda ni wajukuu zake.

Wa pili ni Bwana Nolan Bushnell, mtu wa maneno mengi na biashara, ambaye pamoja na Bwana Ted Dabney alianzisha kampuni ya Atari katika mwaka huo huo wa 1972. Bushnell alikuwa ameuona mchezo wa tenisi wa Odyssey katika maonyesho. Akamwambia mhandisi wake mpya, Allan Alcorn, atengeneze mchezo rahisi wa namna hiyo kama zoezi la kujifunzia kazi. Zoezi lile ndilo Pong. Liliwekwa katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California, na baada ya siku chache mwenye baa akapiga simu kulalamika kwamba mashine imeharibika. Alcorn alipokwenda kuifungua aliona ya kuwa haina ubovu wowote: sarafu zilikuwa zimejaa mpaka zikaziba tundu.

Pong ni mchezo mwema. Kanuni yake mtu huielewa akiwa bado amesimama, na utamu wake wategemea mtu mwingine aliye kando yako, ambaye mabega yenu yanagusana. Lakini sarafu zile zilizoziba tundu zilibadilisha kazi ya mafundi kwa miaka mingi. Tangu siku hiyo mashine ya baa ilipaswa kumfurahisha mtu kwa dakika mbili au tatu, kisha imwondoe ili mwingine atie sarafu. Ugumu wa mchezo ukawa ndiyo bei yake. Kijana achezaye leo mchezo wa zamani na kushangaa kwa nini unamwua upesi namna hii, na akumbuke kwamba aliyeutengeneza alikuwa na mwajiri anayehesabu sarafu.

Chini ya sharti hilo kali mafundi wawili wa Japani walitengeneza kazi ambazo hata leo sizichoki. Bwana Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitoa Space Invaders katika mwaka wa 1978. Viumbe wa anga wamepangwa safu safu, wanashuka kidogo kidogo, nawe uko chini na bunduki moja. Kadiri unavyowapunguza ndivyo waliobaki wanavyokwenda mbio. Watu hudhani Nishikado alilipanga hilo kwa ustadi. Kumbe mashine yake ilikuwa dhaifu, ikichora viumbe wengi ilikwenda polepole, na wakipungua ikapumua na kwenda kasi. Fundi aliliona kosa hilo, akaona ni zuri, akaliacha. Mimi husema kwamba kuliacha ndiko ustadi wenyewe.

Wa pili ni Bwana Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, na mchezo wake ni Pac-Man, wa mwaka wa 1980. Hapa naomba nikae kidogo. Majumba ya michezo ya Japani ya wakati ule yalijaa wanaume na michezo ya kuua, na Iwatani alitaka mchezo ambao hata wanawake wangependa kuucheza, akafikiria kula. Mdomo wa manjano unapita katika vichochoro ukila nukta, na mizuka minne inaufukuza. Wachezaji wengi hudhani mizuka hiyo yatangatanga ovyo. Sivyo. Kila mmoja una tabia yake. Mwekundu hukufuata moja kwa moja. Wa waridi hulenga mahali palipo mbele yako kidogo, ili akukate njia. Wa buluu hutazama mahali ulipo wewe na mahali alipo mwekundu, kisha huchagua pa kwenda kwa kutegemea hayo mawili. Wa rangi ya chungwa hukujia akiwa mbali, akikaribia huingiwa na hofu na kurudi pembeni. Tabia nne rahisi, na zikichanganyika huonekana kama kundi la watu wenye njama. Ukizijua, waweza kuiongoza mizuka kama mchungaji aongozavyo mbuzi. Na kwa kuwa mashine haina ubahatishaji wa kweli, wako wachezaji waliohifadhi njia nzima kwa moyo, kona baada ya kona.

Tena Pac-Man una mwisho ambao mwenyewe hakuukusudia. Mashine iliiandika namba ya hatua katika nafasi nane za 0 na 1, na nafasi nane haziwezi kushika hesabu ipitayo 255. Mchezaji afikaye hatua ya 256 huona nusu ya kioo imejaa herufi na alama zilizovurugika, kama ukuta uliobomoka, wala hawezi kupita. Mwanafunzi asemaye kwamba hesabu za namba mbilimbili hazina maana na aende akautazame ukuta huo.

Naupenda Pac-Man kuliko michezo mingi yenye picha nzuri mara elfu. Ila lazima niseme pia kwamba umbo ulilotolewa katika mwaka wa 1982 kwa ajili ya mashine ya nyumbani ya Atari ulikuwa kazi mbovu: mizuka ikimetameta kama taa inayokaribia kuzimika, sauti zikikwaruza masikio. Watu waliununua kwa jina lake, wakasikitika.

Na hapo ndipo ilipoanza anguko. Atari ya miaka ile iliwatendea mafundi wake kama vibarua wa shambani. Jina la fundi halikuandikwa popote juu ya mchezo wake. Wanne wao walikasirika, wakaondoka katika mwaka wa 1979 na kuanzisha kampuni yao, Activision. Mwingine, Bwana Warren Robinett, hakugombana na mtu. Alipokuwa akitengeneza mchezo uitwao Adventure alificha ndani yake chumba cha siri, na akaweka nukta moja ya kijivu iliyo vigumu kuonekana. Aliyeichukua nukta hiyo na kupita ukutani alikuta jina la fundi limeandikwa. Wakubwa wake hawakujua mpaka kijana mmoja wa Marekani alipokiona chumba na kuwaandikia barua, na wakati huo Robinett alikwisha kuacha kazi. Mchezo wenyewe, nikisema kweli, ni wa kawaida tu. Joka lake lafanana na bata. Lakini chumba kile nakihesabu miongoni mwa maandiko ya haki za wafanyakazi.

Katika mwaka wa 1982 Atari ilinunua kwa mamilioni ya dola haki ya kutengeneza mchezo kutokana na filamu ya E.T. Kazi hiyo alipewa Bwana Howard Scott Warshaw, ambaye alikwisha kuonyesha uhodari wake katika mchezo uitwao Yars' Revenge. Akapewa majuma matano, kwa sababu Krismasi haikuweza kungoja. Mchezo ukatoka kwa wakati, na ukawa maarufu kwa jambo moja: E.T. anaanguka shimoni, anapanda, anaanguka tena. Mamilioni ya kanda zake hayakuuzwa. Kulikuwa na sababu nyingine nyingi, hasa wingi wa michezo mibovu ya kila kampuni madukani na bei za kompyuta kushuka, na katika mwaka wa 1983 biashara nzima ya michezo ya nyumbani Marekani ilianguka. Mwezi Septemba mwaka huo Atari ilipeleka malori ya bidhaa katika jalala la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, ikazifukia. Kwa miaka 30 watu walibishana kama jambo hilo ni kweli au ni ngano, mpaka jalala lilipochimbuliwa katika mwezi wa Aprili mwaka wa 2014 na kanda za E.T. zikatoka mchangani.

Nimeucheza E.T. mpaka mwisho, jambo ambalo wengi wanaoutukana hawakulifanya. Si mchezo mbaya kuliko yote duniani, kama isemwavyo. Una fikira nzuri ndani yake: hauna kuua, una kutafuta vipande vya simu ili mgeni awaite jamaa zake. Ila mashimo yake ni dhuluma, maana mtu huanguka mahali ambapo jicho lilimwambia pako salama. Yule aliyestahili lawama alikuwa mwenye kuhesabu majuma.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Biashara iliyoanguka Marekani iliinuliwa na kampuni ya mji wa Kyoto iliyoanzishwa katika mwaka wa 1889 kutengeneza karata, nayo ni Nintendo. Katika mwaka wa 1985 ilitoa Super Mario Bros., kazi ya Bwana Shigeru Miyamoto na wenzake, na zaidi ya nakala milioni 40 zikauzwa. Mchezo mzima ni mdogo kuliko picha moja ipigwayo na simu ya leo. Ili kubana nafasi, mawingu yaliyoko juu na vichaka vilivyoko chini ni mchoro mmoja, umebadilishwa rangi tu.

Mwalimu yeyote angefaidika kwa kutazama mwanzo wa Mario. Hakuna maelezo hata neno moja. Mtu mdogo amesimama upande wa kushoto, na nafasi tupu iko kulia, kwa hiyo unakwenda kulia. Anakuja mdudu. Usiporuka unakufa, lakini umepoteza hatua chache tu na unarudi ukiwa umejua. Juu yako liko tofali linalometameta. Unaruka, inatoka sarafu. Katika muda wa nusu dakika umefundishwa kutembea, kuruka, kuogopa na kutamani. Hukumu yangu ni kwamba hakuna mchezo uliofundisha vizuri zaidi kabla yake. Nalalamikia jambo moja, nalo ni maji: hatua za kuogelea ni za kuchosha, nami huzipita haraka kama mtu apitavyo penye harufu.

Sitakaa sana kwenye michezo ya kumwaga damu. Mortal Kombat, wa mwaka wa 1992, uliwashtua watu wa Marekani kiasi cha kuitwa mbele ya kamati ya Seneti mwezi wa Desemba 1993, na katika mwaka wa 1994 makampuni yakaanzisha utaratibu wa kuandika juu ya kila mchezo umri unaofaa kuucheza. Utaratibu huo ni mwema, ingawa katika mabanda yetu sijaona anayeusoma. Mchezo wenyewe, damu ikiondolewa, ni mgumu wa viungo na mwepesi wa akili.

Kenya ilijua michezo hii hasa kwa njia ya mpira wa miguu. Mashine ya PlayStation 2, iliyotoka katika mwaka wa 2000, iliingia katika mabanda ya mitaa na vituo vya biashara, na vijana wakalipa shilingi chache kwa mechi: mshindi hubaki, aliyeshindwa hupisha. Hapo palikuwa na madhehebu mawili. Wako waliomfuata FIFA wa kampuni ya Electronic Arts, ulioanza katika mwaka wa 1993, na wako waliofuata michezo ya Konami ya Japani, Winning Eleven na Pro Evolution Soccer. FIFA ulikuwa na majina ya kweli ya timu na viwanja. Konami, kwa kukosa idhini, iliziita timu nyingi za Uingereza kwa majina ya kubuni, na watoto wetu waliyajua majina hayo ya uongo kama wajuavyo ya kweli.

Mimi nilikuwa wa Konami, nami sijatubu. Katika michezo yake ya miaka ile mpira ulikuwa kitu chenye uzito, uliotengana na mguu. Pasi mbaya ilikuwa mbaya kwa sababu uliipiga vibaya. FIFA ya wakati huo ilinifanya nijione nimevaa viatu vya mtu mwingine. Baadaye mambo yaligeuka. FIFA uliboreka, na Konami ikalegea, mpaka katika mwaka wa 2021 ilipobadilisha jina la mchezo kuwa eFootball na kuutoa ukiwa na wachezaji wenye nyuso zilizopotoka, hata kampuni ikalazimika kuomba radhi. Electronic Arts nayo iliachana na jina la FIFA katika mwaka wa 2023. Kosa la wote wawili lilikuwa kuuza kila mwaka mchezo ule ule uliobadilishwa jezi. Naliona ni kosa dogo. Kosa kubwa ni lile la pakiti.

Pakiti ni hivi: mchezaji hulipa fedha za kweli ili afungue bahasha isiyoonekana ndani, na huenda akapata mchezaji hodari, au asipate. Hana la kufanya kwa kidole wala kwa akili. Serikali ya Ubelgiji iliamua katika mwaka wa 2018 kwamba pakiti za namna hii ni kamari, na mwanzoni mwa mwaka wa 2019 Electronic Arts ikaacha kuuza huko fedha za mchezo zilizotumika kuzinunulia. Mimi naafikiana na Wabelgiji. Mashine ya baa ya mwaka wa 1972 ilikula sarafu, lakini kwa kila sarafu ilikupa zamu ya kujaribu. Pakiti hula fedha bila kukupa zamu.

Simu ndiyo iliyoleta mabadiliko ya mwisho. Mwanzo wake ulikuwa mpole: Bwana Taneli Armanto wa Finland aliweka mchezo wa nyoka katika simu ya Nokia 6110, katika mwaka wa 1997, na kutoka hapo nyoka akaingia katika simu za mamilioni ya watu, pamoja na zile za wazazi wetu. Nyoka hula, hurefuka, na kisha hujiuma mwenyewe. Mwisho wake ni dhahiri tangu mwanzo. Nauhesabu miongoni mwa michezo ya haki. Lakini michezo mingi ya simu za leo haina mwisho, tena kwa makusudi. Hukwambia urudi kesho kuchukua zawadi, na usiporudi wapoteza ulichokusanya. Hukuzuia kucheza mpaka saa kadhaa zipite, kisha hukuuzia ruhusa ya kutongoja. Shirika la Afya Duniani liliingiza katika mwaka wa 2019 ugonjwa wa kushindwa kujizuia na michezo hii katika orodha yake ya maradhi, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Si kila achezaye sana ni mgonjwa. Kipimo ni kwamba mchezo umeshika nafasi ya masomo, kazi na jamaa, na hali hiyo imedumu, kwa kawaida, muda wa miezi 12 au zaidi. Hata hivyo lililo wazi ni kwamba kuna watu wenye elimu kubwa wanaolipwa mishahara mikubwa ili wewe usiweze kuiweka simu chini.

Mchezo mmoja nimeuacha makusudi mpaka hapa. Katika mwaka wa 1984 Bwana Alexey Pajitnov alikuwa mtafiti wa kompyuta katika Chuo cha Sayansi cha Muungano wa Kisovieti, mjini Moscow. Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha, kwa hiyo alitumia alama za mabano kuunda maumbo saba, kila moja la miraba minne. Maumbo yanaanguka, nawe unayageuza ili yajaze mstari. Mstari ukijaa hutoweka. Kijana wa miaka 16, Vadim Gerasimov, alisaidia kuuhamishia katika kompyuta za IBM, na Tetris ukaenea kwa visahani kutoka ofisi hadi ofisi. Nje ya nchi makampuni yaligombania haki zake, na katika mwaka wa 1989 Nintendo ikazipata na kuutoa pamoja na mashine yake ya mkononi, Game Boy. Pajitnov mwenyewe hakupokea malipo ya haki mpaka mwaka wa 1996, kwani mchezo ulikuwa mali ya dola. Kwetu ulikuja katika vile vidude vya plastiki vya bei nafuu, vilivyouzwa pamoja na betri na saa bandia sokoni, na wengi walioucheza hawakuwahi kusikia jina lake wala la mwenyewe.

Sina lawama juu ya Tetris, nami nimeitafuta. Hauna mtu wa kuua, hauna hadithi, hauna lugha. Kila rundo linalokuzidi umelijenga wewe mwenyewe, umbo kwa umbo, na kosa ulilofanya dakika mbili zilizopita lipo palepale mbele ya macho yako. Ulidhaniwa kuwa mtu hawezi kuushinda, ila uwe unamshinda. Katika umbo lake la Nintendo la mwaka wa 1989 maumbo hufikia mwendo ambao kwa miaka mingi vidole vya binadamu havikuuweza. Kisha wachezaji wakabuni njia mpya za kubonyeza, wakitumia vidole kadhaa kuipiga pedi kwa nyuma kama mtu apigaye ngoma ndogo. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2023 mvulana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma aliucheza mpaka hatua ya 157, ambako kabla yake programu ya kompyuta tu ndiyo iliyokuwa imefika. Mashine ikashindwa kupiga hesabu zake, kioo kikaganda, na umbo lililokuwa likianguka likabaki limesimama hewani.